Hayabusa iliyorefushwa na kushushwa: namna ya kuizoea na kukata nayo kona

Kila majira ya joto yakikaribia huku Marekani, maswali huanza upya. Mtu kapata Hayabusa, ile pikipiki kubwa ya kasi ya Suzuki, ya mtumba kwa bei nzuri. Imeongezwa urefu nyuma, imeshushwa, na kwenye barabara iliyonyooka imetulia tuli. Kisha anafika kwenye njia ya kutokea barabara kuu, ile inayozunguka karibu duara zima, na pikipiki haiingii. Anailaza kidogo, inagoma. Anailaza zaidi, chini kunakwaruza. Anashtuka, anafunga eksileta, anajikuta ukingoni upande wa nje. Swali lake: pikipiki ni mbovu, au mimi ndiye sijui kuendesha?

Mara nyingi si hili wala lile. Wengi wetu tulijifunzia Boxer au TVS nyumbani, pikipiki unayoweza kuigeuza uchochoroni kwa mkono mmoja. Hayabusa ina kilo 260 hivi ikiwa na mafuta, na hiyo yako ilibadilishwa na mtu aliyekuwa na lengo moja tu: robo maili, yaani mita 402 za mstari mnyoofu, bila tairi la mbele kunyanyuka. Karibu kila alichokifanya kinasaidia huko na kinakugharimu kwenye kona. Inazoeleka, ila ina utaratibu wake.

Mambo machache ya kuelewa kwanza

La kwanza: kuwa na pikipiki ndefu hakukupunguzii kiasi cha kulala kwenye kona. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Kiasi cha kulala kinaamuliwa na mwendo wako na ukali wa kona, si urefu wa pikipiki. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Kwa kilomita 50 kwa saa (maili 31) utahitaji kulala nyuzi 21 au 22. Kwa kilomita 60 ni karibu 30. Kwa kilomita 70 (maili 43 na nusu) ni kama 38. Angalia jinsi kilomita 10 tu zinavyokula nyuzi nane. Kilichobadilika kwenye pikipiki yako ni kwamba nyuzi za kulala ulizonazo ni chache, kwa sababu iko chini. Hayabusa ya kiwandani ina takriban milimita 120 kutoka tumboni hadi kwenye lami. Ukiishusha inchi 2 umebakiwa na kama 70. Kwa hiyo mwendo umalizwe kupunguzwa kabla ya kona. Ukishaingia na mwendo mkubwa, huna tena pa kulala.

La pili ni mzunguko wa kugeuza. Kutoka ekseli hadi ekseli, Hayabusa ya mwaka 2008 na kuendelea ina milimita 1,480. Ukiongeza inchi 8 unafika karibu 1,683, na kwa pembe ileile ya usukani, duara lako limekua kwa asilimia 13 au 14. Tena tairi la nyuma linakata ndani zaidi kuliko la mbele.

La tatu ni uzito. Pikipiki fupi ukifunga breki uzito hukimbilia mbele na kuligandamiza tairi la mbele. Ukiongeza moto, yaani ukifungua eksileta, hurudi nyuma. Kwenye ndefu na ya chini uzito hauhami kiasi hicho. Matokeo yake, breki ya mbele ikibanwa ghafla tairi linaweza kuteleza mapema, breki ya nyuma inakuwa na kazi ya maana, na ukifungua eksileta ungali umelala, tairi la nyuma linazunguka bure upesi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Helmeti ya uso mzima, jaketi, glavu, na buti zinazofunika kifundo cha mguu. Hata kwenye uwanja mtupu.
- Kipimo cha upepo wa tairi cha uhakika, tepu ya kupimia, tochi, spana za toki (zinazopima nguvu ya kukaza), na kalamu ya rangi isiyofutika.
- Chaki nene, au utepe wa karatasi wa mafundi rangi.
- Uwanja mpana wa lami usio na magari wala mchanga. Maegesho ya shule au ya kanisa siku isiyo na watu yanafaa, ukiomba ruhusa.
- Koni ndogo sita hivi, au chupa za plastiki zilizokatwa.
- Mtu mmoja wa kukusaidia. Hatua ya 2 na ya 3 hazifanyiki peke yako.

Kama huna leseni ya pikipiki, anza na kozi ya msingi ya Motorcycle Safety Foundation au ya jimbo lako, kwa pikipiki ndogo. Hayabusa ndefu si ya kujifunzia kuendesha, hata kama umeshabeba abiria miaka mingi Kariakoo au Kisumu.

Hatua kwa hatua

1. Ikague ikiwa imesimama.

Anza na mkanda wa mbele. Wakimbiaji wa robo maili hufunga mkanda kati ya ekseli na klempu za usukani ili kuzibana foki, ile mirija miwili ya shokapu za mbele, zikae chini. Ukiukuta umefungwa, mbele hakuna tena shokapu. Uondoe kabla hujaenda popote, na usikubali anayekwambia kuwa kwa safari fupi hauna neno.

Kisha nenda kwenye swingamu, ule mkono unaoshika tairi la nyuma. Kama urefu umeongezwa kwa vipande vya kufungwa kwa bolti, kaza kila bolti kwa kipimo cha mtengenezaji wa vipande hivyo, halafu chora mstari mmoja wa kalamu kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma. Mstari ukivunjika siku yoyote, bolti imezunguka. Kila unapoipaki, inama uangalie. Ni kazi ya sekunde chache na ndiyo inayolishika tairi lako.

Fuata paipu ya breki ya nyuma. Lazima iwe ile ndefu iliyotengenezwa kwa urefu mpya. Isiwe imevutwa ikanyooka, na isigusane na cheni. Kama ni toleo lenye ABS (breki zinazozuia tairi kuganda), waya wa sensa ya nyuma nao uangalie vivyo hivyo.

Cheni: kwa inchi 6 za nyongeza huingia pingili 20 hivi za ziada, kwa hiyo cheni ni nzito na inapigapiga zaidi. Zungusha tairi polepole, tafuta sehemu iliyokaza kuliko zote, na pimia ulegevu hapo. Angalia pia kama inakula chuma cha swingamu kwa chini.

Mwisho, stendi. Pikipiki ikishushwa, stendi ya kiwandani inakuwa ndefu mno na pikipiki inasimama wima. Upepo kidogo, au mtoto akiegemea, inaanguka upande wa pili. Stendi fupi haina bei kubwa.

2. Jua ni kitu gani kitagusa chini kwanza.

Paka chaki kwenye ncha za vikanyagio, chini ya eksozi, kwenye stendi, na kwenye kingo za chini za plastiki. Ukae juu, msaidizi wako achungulie akiwa na tochi na tepu, apime kila kimoja kiko umbali gani kutoka chini. Chaki utaiacha hapohapo wakati wa mazoezi: iliyofutika itakuonyesha kilichogusa.

Kikanyagio kikigusa kwanza, una bahati. Kinakunjika, kinakuonya, na unaendelea. Eksozi au fremu ikigusa kwanza, ni hatari: chuma kigumu hakikunjiki, kinaibeba pikipiki na kulinyanyua tairi. Eksozi fupi za ubavuni walizozipenda wakimbiaji mara nyingi hutokea kulia, kwa hiyo usishangae kona za kulia kukwaruza mapema kuliko za kushoto.

3. Sawazisha urefu wa mbele na nyuma, kisha springi.

Nyuma hushushwa kwa kubadilisha vile vipande viwili vya chuma vinavyounganisha shokapu na swingamu, vinawekwa virefu. Mbele hushushwa kwa kupandisha mirija ya foki kwenye klempu. Nyuma ikishuka sana kuliko mbele, usukani unakuwa mzito na mbele nyepesi. Mbele ikishuka kuliko nyuma, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Lenga kushuka kwa kiasi kinachokaribiana.

Kisha springi. Swingamu ndefu inaupa uzito wako mkono mrefu wa kulibana shokapu. Mkono wa sentimita 60 ukiongezwa 20, springi ileile inafanya kazi kama imebaki na asilimia 56 ya ugumu wake pale kwenye tairi. Ndiyo maana pikipiki nyingi za aina hii zinakaa chini nyuma hata pale fundi anapoapa kwamba hakuishusha sana. Ipime hivi: nyanyua nyuma mpaka tairi liwe hewani, pima wima kutoka kwenye ekseli hadi alama moja ya kwenye mkia. Kaa juu na vifaa vyako vyote, pima tena. Tofauti ya milimita 30 hadi 35 inafaa. Ikiwa inafika 50 au 60 hata baada ya kuikaza springi yote, unahitaji springi ngumu zaidi. Nunua hiyo kabla ya taa, rangi na mapambo.

4. Pima upepo, tairi likiwa la baridi.

Kwa Hayabusa ni psi 42 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) mbele na nyuma. Kibandiko kinachosema hivyo mara nyingi kimepotea pamoja na kava ya cheni au swingamu ya zamani, na aliyekuuzia huenda alizoea kupunguza upepo wa nyuma ili tairi lishike vizuri kwenye mashindano. Pikipiki yenye upepo mdogo nyuma inagoma kuingia kwenye kona, na watu hulaumu urefu.

Angalia pia umbo la tairi la nyuma. Likiwa limelika katikati na kuwa bapa, lina kama ngazi pale bapa linapoishia. Ukilala, pikipiki inagoma, kisha inaivuka ile ngazi na kuanguka ndani ghafla. Hakuna mazoezi yanayotibu hilo. Weka tairi jipya. Na ubaki na tairi la upana wa milimita 190, saizi ya kiwandani. Tairi la 240 linapendeza likiwa limepaki, lakini kwenye kona utashindana nalo kila siku.

5. Uwanjani: breki kwanza.

Nenda mstari mnyoofu kwa maili 20 kwa saa, simama. Kisha 25, kisha 30. Breki ya nyuma ianze kidogo, ya mbele ifuate mara moja, ikibanwa kwa kuongezeka: vidole vinagusa, vinasubiri mbele izame kidogo, ndipo vinakamua. Rudia mpaka mkono uache kunyakua. Kosa la kawaida ni kuamini kwamba kwa kuwa pikipiki hainyanyui nyuma, basi unaweza kuibana ya mbele utakavyo. Tairi la mbele ndilo litakaloteleza.

6. Mizunguko ya polepole.

Panga koni duara pana, kama mita 12 kwa kipenyo. Gia ya kwanza, klachi nusu, mguu kidogo kwenye breki ya nyuma, na usiiguse ya mbele kabisa: kwa mwendo huo usukani ukiwa umekunjwa, mguso mmoja wa breki ya mbele unaiangusha. Geuza kichwa utazame upande wa pili wa duara. Ukiitazama koni, utaikanyaga. Kwenye mizunguko hii ya taratibu mwili wako uegemee nje, pikipiki ilale chini yako. Ukiweza pande zote mbili bila kuweka mguu chini, sogeza koni ndani kidogo.

Halafu weka koni moja ndani ya mzunguko, nusu mita kutoka kwenye njia ya tairi la mbele, umwambie msaidizi aangalie tairi la nyuma linapita wapi. Utaona linavyoivamia koni. Kumbuka hilo utakapofika kwenye kingo za barabara.

7. Sukuma usukani, na usubiri.

Kwa maili 25 hadi 35, pikipiki hailali kwa kuegemea peke yake. Unataka kwenda kulia, sukuma mshikio wa kulia mbele. Kushoto, sukuma wa kushoto. Kwenye pikipiki fupi jibu linakuja papo hapo. Kwenye hii linakuja kwa kuchelewa kidogo, na mtu asiyeizoea husukuma mara ya pili kwa nguvu, halafu misukumo yote miwili inafika pamoja. Sukuma mara moja, kwa uthabiti, bila kushtua, ushikilie mpaka ilale unavyotaka. Zungukia koni ulizozitenganisha kwa mita 20, kushoto, kulia, mpaka uujue ule ucheleweshaji wake.

8. Kona halisi, kwa mpangilio huu.

Chagua kona moja pana unayoijua, yenye lami safi, asubuhi isiyo na magari. Irudie hiyohiyo.

Kwanza sogeza mwili: nusu ya makalio itoke upande wa ndani, kifua na kichwa navyo viende ndani. Fanya hivyo ukiwa bado umenyooka. Kila sentimita mwili wako unayoingia ndani inaiokolea pikipiki nyuzi za kulala, na kwenye pikipiki iliyoshushwa hiyo ndiyo akiba pekee uliyonayo.

Maliza breki na gia kabla ya kuingia. Ingia ukiwa upande wa nje wa njia yako, chelewa kidogo kuliko ulivyozoea, na uinamishe pale unapouona mwisho wa kona. Ukishalala, eksileta iwe wazi kidogo na isibadilike. Inaishikilia pikipiki isizame kwenye shokapu, na hivyo inakuachia nafasi chini. Moto uuongeze pale tu pikipiki inapoanza kunyanyuka, taratibu. Ina nguvu za kutosha kulizungusha tairi hata kwa gia ya tatu.

Ikikwaruza ukiwa ndani, usifunge eksileta ghafla. Ukiifunga mbele inazama, nafasi inapungua zaidi, na kile kilichokuwa kinagusa kidogo kinagusa kwa nguvu. Shikilia moto ulipo, peleka mwili ndani zaidi, tazama unakotaka kutokea.

9. Mitaani.

Kwa waliotoka Tanzania, Kenya au Uganda: huku tunaendesha kulia, kwa hiyo kona kali ya makutano ni ya kulia, na wewe mazoea yako yote ya kona kali ni ya kushoto. Fanya mazoezi ya kulia mara mbili zaidi. Ukigeuka kulia, nenda mbele kidogo kuliko unavyodhani inatosha ndipo ukunje, la sivyo tairi la nyuma linapanda ukingo wa zege. Kugeuka nyuma barabarani usikujaribu kama huna njia tatu za upana, zunguka mtaa.

Matuta na miinuko ya kuingilia maegesho, yapite kwa mshazari, tairi moja baada ya jingine, polepole sana. Ukipita moja kwa moja tumbo linakaa juu ya tuta.

10. Njia za kutokea barabara kuu.

Ziache ziwe za mwisho. Nyingi zinabana kadiri unavyoingia ndani, na zina mafuta ya malori yaliyomwagika. Chukua mwendo ulioandikwa kwenye kibao cha njano kama mwendo wako wa juu, mpaka uijue njia hiyo. Na kama marafiki wanakualika US 129 mpakani mwa Tennessee na North Carolina, kona 318 ndani ya maili 11, nenda kwa pikipiki nyingine.

Ikikusumbua

*Usukani unatikisika ukiongeza moto.* Nyuma iko chini mno na mbele imekuwa nyepesi. Rudia hatua ya 3. Kisha kagua beringi za usukani na kile kidhibiti kinachozuia usukani kuchezacheza. Wengine walikitoa kupunguza uzito.

*Inanyooka yenyewe ukigusa breki ndani ya kona.* Kidogo ni tabia ya pikipiki zote. Ikiwa ni kwa nguvu, angalia upepo wa mbele na saizi ya tairi la nyuma. Dawa ya papo hapo ni kumaliza breki mapema.

*Nyuma inadunda kwenye kona yenye mawimbi.* Shokapu linafika mwisho wake. Springi ngumu. Hapa usitafute njia ya mkato.

*Kuna harufu ya mpira na alama chini ya mkia.* Tairi linagusa plastiki au kishikio cha namba pikipiki ikizama. Usiiendeshe hivyo, na abiria usimbebe kabisa.

*Inakwaruza kushoto tu.* Mara nyingi ni stendi, au springi yake imelegea na stendi inaning'inia.

*Nimefanya yote, na bado inakwaruza kwenye kona za kawaida kwa mwendo wa kibao.* Basi imeshushwa kupita matumizi yako. Rudisha vipande vya shokapu vya kiwandani, ushushe foki mahali pake, uache urefu peke yake. Kwa mtu anayekwenda nayo kazini kila siku, mimi nisingepita inchi 4 hadi 6 za nyongeza. Zaidi ya 8 ni za uwanja wa mashindano. Vipande vya bolti vinatoka kwa saa chache, ila usikate cheni ile ndefu: nunua fupi, na ile uitunze pamoja na paipu yake ya breki, kwa siku utakayotaka kwenda kukimbia robo maili.